Mhariri, kuna sayari ina jina letu mbona hamtuambii

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Naandika kuhusu ile habari mliyoitoa wiki iliyopita kwenye ukurasa wa kimataifa, ya sayari kubwa ya gesi yenye joto kali inayozunguka nyota ya mbali huko. Mistari kama kumi tu chini ya tangazo la simu. Sayari yenyewe hamkuipa jina, nyota hamkuitaja, imegunduliwaje hamna, halafu mwisho mkafungia kwamba huenda siku moja binadamu wakahamia huko. Mhariri, hapo mmetuangusha. Sayari ya namna ile hahamii mtu, haina hata pa kukanyaga, ni gesi tupu kwenda chini, na kadiri unavyozama gesi inazidi kugandamizwa na kupata moto mpaka chombo chochote unachokijua kingekuwa kimeshapondeka na kuyeyuka zamani. Watoto wanasoma gazeti hili, walimu wanalikata wanabandika ukutani darasani, kwa hiyo kitu kama hicho kikishachapwa kinatembea.

Ila kilichoniuma zaidi sio hicho. Kilichoniuma ni kwamba gazeti la Kiswahili, linalochapwa Tanzania, linaandika habari za sayari kubwa ya moto na halisemi kwamba kwenye kundi hilo hilo la sayari kuna moja inaitwa Tanzanite. Ndiyo, Tanzanite, na ni jina rasmi kabisa, na nyota ambayo sayari hiyo inaizunguka inaitwa Mpingo.

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulikuwa unatimiza miaka 100, wakaamua kila nchi ipewe nyota moja na sayari yake moja izipe majina, na wananchi wenyewe wapendekeze na kupiga kura. Nchi 112 zikakamilisha zoezi, watu zaidi ya 780,000 dunia nzima wakashiriki, na tarehe 17 Desemba 2019 majina yakatangazwa Paris. Sisi tulipewa nyota ambayo kwenye orodha za wanasayansi ilikuwa inaitwa WASP-71, ikawa Mpingo, na sayari yake WASP-71b ikawa Tanzanite. Majirani zetu Kenya walipewa HD 83443, wakaiita Kalausi na sayari yake Buru, majina ya Kijaluo, upepo wa kisulisuli na vumbi, na hiyo Buru nayo ni sayari ya gesi iliyoisogelea nyota yake mno, inaizunguka kwa siku 3 hivi. Yaani Afrika Mashariki tuna majina mawili ya nyumbani kwenye aina hii hii ya sayari mliyoiandika nyie kama kitu cha ugenini.

Nimeuliza barazani kwetu Ngamiani, barabara ya 12, watu wazima, wasomaji wa magazeti, watu wanaobishana siasa na mpira mpaka saa sita usiku, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia. Nikamuuliza kijana wa jirani anayesoma fizikia kidato cha sita, akaniambia, "Baba mdogo, Tanzanite si lile jiwe la Mererani?" Ndilo jiwe, na sayari imepewa jina la hilo jiwe, lakini mtoto wa fizikia hajui na si kosa lake, hakuna aliyemwambia kwa lugha anayoisoma kila siku.

Basi naomba niielezee hapa kama ambavyo ningependa kuisoma kwenu.

Anzia na Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka jua letu, ambayo ukipanga dunia zetu mstari mmoja zinaingia kama 11 kwenye upana wake. Tanzanite ni pana kuliko Mshtarii, na uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya Mshtarii. Mshtarii inatumia karibu miaka 12 kulizunguka jua mara moja. Tanzanite inamaliza mzunguko wake kwa siku 2 na saa 22 hivi, yaani mwaka wa huko ukianza Ijumaa saa nne usiku, Jumatatu saa mbili usiku umeshaisha na mwingine umeanza, na sisi mpaka tumalize mwaka wetu mmoja yenyewe imeshapiga raundi kama 125.

Inaweza hivyo kwa sababu iko karibu mno na nyota yake, kilomita milioni 7 hivi. Dunia kutoka kwenye jua ni kilomita milioni 150, na hata Zebaki ambayo ndiyo jirani wa kwanza wa jua iko kama milioni 58 kwa wastani. Na Mpingo sio nyota ndogo, ina uzito wa mara moja na nusu ya jua letu, upana wake ni kama mara mbili, maana imeshaanza kuzeeka na kutanuka ingawa kwa umri ni mdogo kwa jua, na uso wake una joto linalolizidi kidogo la jua. Angekuwepo mtu anaelea juu ya mawingu ya Tanzanite, nyota ile ingejaza mbingu kwa upana wa mara 40 na zaidi ya jua tunaloliona sisi likitoka baharini asubuhi. Mwanga na joto inavyopokea ni zaidi ya mara 2,000 ya tunavyopokea hapa duniani. Ukipiga hesabu joto lake linakuja kama nyuzi 1,800 za sentigredi, na chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1,538, kwa hiyo nondo, nanga, injini ya meli, vyote vingemiminika.

Halafu kuna hili ambalo mimi nikilifikiria usingizi unakata. Sayari ikiwa karibu namna hiyo, mvuto wa nyota unaibana taratibu miaka na miaka mpaka inaishia kuielekezea nyota uso ule ule siku zote, kama mwezi unavyofanya kwetu. Kwa hiyo upande mmoja mchana hauishi, jua halichwi kabisa, upande wa pili ni usiku ambao haujawahi kuisha. Joto linajazana upande wa mchana na halina pa kwenda isipokuwa kule kwenye giza, ndo linasukuma upepo, na kwenye sayari za aina hii upepo unahesabiwa kwa maelfu ya kilomita kwa saa. Wavuvi wetu wa Deep Sea wanajua Kusi ikikaza vyombo havitoki, na hapo tunazungumzia makumi tu ya kilomita kwa saa. Tena joto lenyewe limezivimbisha hizi sayari. Gesi ikipata moto inatanuka, hilo linajulikana, lakini hesabu za kawaida hazitoshi kueleza uvimbe wote, na wataalamu mpaka leo wanabishana hilo joto linaingiaje mpaka ndani kabisa. Mngeandika hata hilo peke yake, kwamba kuna swali la wazi halijajibiwa, mwanafunzi mmoja angelibeba.

Sasa imejulikanaje, maana hakuna mtu aliyeiona kwa macho wala kwa darubini, hiyo ndo sehemu nzuri kuliko zote na ndo mliyoiruka.

Ile WASP iliyo kwenye jina WASP-71 ni mradi ulioanzishwa na vyuo vya Uingereza kutafuta sayari. Waliweka kamera sehemu mbili, moja kisiwa cha La Palma kwenye visiwa vya Canary, nyingine hapa hapa barani kwetu, Sutherland, Afrika Kusini. Kila kituo kilikuwa na kamera 8, na mbele ya kila kamera wakafunga lenzi ya Canon ya milimita 200, lenzi za wapiga picha, ukoo mmoja na zile unazoziona zimenyooshwa pale Mkwakwani Coastal Union ikicheza. Hawakujenga dude la mabilioni. Walichofanya ni kupiga picha anga lile lile kila usiku, nyota maelfu kwa maelfu kwa mpigo, halafu kompyuta zikapekua kutafuta nyota ambayo mwanga wake unapungua kidogo kisha unarudi, unapungua tena baada ya muda ule ule, bila kukosea.

Mpingo ilikuwa inapungua kama sehemu 4 tu katika 1,000. Simama Raskazone usiku wa giza uangalie karabai za wavuvi wa dagaa kule mbali, mdudu akipita mbele ya karabai moja mdudu mwenyewe huwezi kumuona, ila ungekuwa na kipimo kikali ungejua mwanga umepungua, na akipita kila baada ya muda ule ule ungejua ni mdudu yule yule. Ni jambo lile lile la kupatwa kwa jua, Mhariri. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa kule Mbarali, wengine wametoka nje ya nchi, kuuona mwezi ukiingia katikati ya jua na kuacha pete ya moto pembeni. Magazeti yote mliandika. Tanzanite inafanya hivyo kwa Mpingo kila baada ya siku 2.9, tofauti tu ni umbali.

Lakini kupungua mwanga peke yake hakutoshi kuwa ushahidi, kwa sababu nyota mbili zinazozungukana na kufunikana zinaweza kukudanganya ukadhani ni sayari. Kazi ikahamia La Silla, Chile, kwenye darubini ya Waswisi yenye kioo cha mita 1.2, ambayo ina kifaa kinaitwa CORALIE, kazi yake ni kuutawanya mwanga wa nyota na kupima kama nyota inatusogelea au inarudi nyuma. Mpingo ikakutwa inayumba, inakuja na kurudi kwa kasi ya mita 200 na ushee kwa sekunde, kwa mpangilio wa zile zile siku 2.9, maana yake kuna kitu kizito kinaivuta huku na huku. Kutoka kwenye huo mvuto ndo uzito wa sayari ukapatikana, na upana ukatoka kwenye ule mwanga uliopungua. Ripoti ikatolewa mwishoni mwa 2012 na kuchapwa kwenye jarida 2013. Wakaona pia kwamba sayari inazunguka kuelekea upande ule ule ambao nyota yenyewe inajizungusha, jambo ambalo sio la lazima, kuna nyingine kama WASP-17b zinakwenda kinyume na nyota zao.

Yule kijana wa kidato cha sita nilipomsimulia yote haya akakaa kimya, halafu akauliza swali ambalo barazani kila mtu alikuwa hajaliwaza: "Sasa baba mdogo, gesi yote hiyo ilijikusanyaje karibu na moto kiasi hicho?" Nilifurahi mno. Hilo ndo swali lililowatesa wataalamu tangu 1995, mwaka ambao Michel Mayor na Didier Queloz, kwenye kituo cha Haute-Provence Ufaransa, walitangaza 51 Pegasi b, sayari ya kwanza kujulikana ikizunguka nyota inayofanana na jua letu, na badala ya kukaa mbali kama Mshtarii ikawa inazunguka kwa siku 4.2. Kabla ya hapo vitabu vilisema sayari za gesi zinaumbwa mbali na nyota, kwenye baridi, ambako barafu ipo na malighafi ni nyingi. Jibu linalokubalika na wengi ni kwamba ziliumbwa mbali kweli, kisha zikahama. Zingine zilisukumwa ndani taratibu na ile sahani ya gesi na vumbi iliyokuwa inazunguka nyota changa, zingine zilipigana vikumbo na sayari wenzake au kuvutwa na nyota nyingine zikatupwa karibu, halafu mvuto wa nyota ukaituliza njia yao ikawa duara. Ipi ilipita njia ipi, mjadala unaendelea. Na Mayor na Queloz kwa kazi ile walipewa nusu ya Nobeli ya fizikia, mwaka 2019, mwaka ule ule ambao sisi tuliipa Tanzanite jina lake. Mngeyaweka hayo mawili ukurasa mmoja nani asingesoma?

Najua kuna wasomaji watasema kama alivyosema mzee mmoja pale barazani, namheshimu sana, "Shekhe, mchele umepanda, maji yanatoka kwa zamu, sayari ya moto inanisaidia nini mimi?" Nilimjibu kwa adabu na nalijibu na hapa. Kweli mchele umepanda na gazeti liendelee kupigia kelele mchele. Lakini gazeti hilo hilo lina kurasa nne za ligi ya Uingereza na mzee wangu anazisoma zote mpaka jina la kocha msaidizi, kwa hiyo nafasi ipo na hamu ya kujua mambo ya mbali ipo. Na pwani hii kuangalia juu sio kitu kigeni, manahodha walienda na nyota, wakulima walikisubiri Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, bibi zetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watu walikuwa wanajua mbingu yao. Leo mtoto wa Tanga anajua jina la kila simu mpya iliyotoka, na sayari yenye jina la nchi yake haijui. Mimi hilo linaniuma na sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Kila wiki mnatoa nafasi kubwa tu ya "nyota yako leo", Ng'e atapata pesa, Mizani ajihadhari na rafiki. Sisemi mfute, watu wanaipenda. Nasema kateni robo yake tu, mtupe kona ya anga, mistari thelathini, aandike mtu anayejua au mtu atakayemuuliza anayejua, vyuo vikuu vyetu vina walimu wa fizikia ambao ukiwapigia simu hawatakataa. Na kwenye habari za sayari naomba mtaje jina lake, jina la nyota yake, na umbali wake, na mueleze kwamba mwaka wa nuru ni urefu wa njia, kama kilomita trilioni 9.5, maana wengi wakisikia mwaka wanadhani ni muda. Mpingo iko zaidi ya miaka ya nuru 1,000 kutoka hapa. Mwanga wake unaotufikia usiku huu uliondoka huko kabla ule msikiti na yale makaburi ya Tongoni havijajengwa. Ukishaandika hivyo kwa mtu wa Tanga ameelewa, hahitaji sifuri nyingi. Na suala la kuhamia huko naomba mlisahihishe, mistari miwili inatosha.

Mnaweza kuanza na Mpingo yenyewe. Iko kwenye kundi la nyota la Nyangumi, na kwa sisi tulio karibu na ikweta inapita karibu kabisa na utosi. Mwanzoni mwa Desemba, mida ya saa tatu usiku, mtu akishakiona Kilimia upande wa kaskazini mashariki, apandishe macho taratibu mpaka juu kichwani, kuna nyota ya wastani inaitwa Alrescha, na Mpingo iko pembeni yake kidogo kuelekea kusini. Kwa macho matupu haionekani, ni hafifu mno, inataka darubini ndogo na sehemu yenye giza, lakini mahali ilipo mtu yeyote anaweza kupaonyesha kwa kidole. Raskazone panafaa, Mwambani panafaa zaidi kwa sababu taa ni chache, na umeme ukikatika hata Ngamiani panafaa. Shule zenye darubini zijulikane, zisizonazo zipewe taarifa waende kwa wenzao.

Naomba itoke wiki ya kwanza ya Desemba, na mchoro mdogo wa hizo nyota uwe pembeni, ili mtu asome asubuhi na usiku ule ule atoke nje na gazeti lake mkononi.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga